Nilipoanguka, Ngoma Haikunyamaza

Kama umeambiwa juzi tu kwamba presha imeingia mapafuni, huenda jana hukulala. Najua ulivyokaa kitandani, mito mgongoni, ukisikiliza pumzi yako mwenyewe na kuogopa kwamba ukisinzia itasahau kurudi. Mimi nilikaa hivyo kuanzia masika hadi baridi ya Julai ikaisha. Sasa nina nafuu. Sisemi nimepona, nasema nina nafuu, na daktari wangu ameniomba nikiweza niwaandikie wenzangu ambao ndiyo kwanza wanaambiwa. Sina elimu ya dawa. Nimefundisha wanawake Neno la Mungu kwa miaka mingi, basi nitaandika kama ninavyofundisha: nilichokiona, nilichokiogopa, na pale nilipoinuliwa.

Watu huniita Mama Jumba, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza ambaye sasa anaishi nyumbani kwetu, magharibi mwa Kenya. Mimi na mume wangu tunakaa Mbotela, Nairobi, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, tuliyoingia watoto wakiwa wadogo. Kazi yangu ilikuwa kukaanga samaki. Nyuma ya nyumba nilikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake jiko la maranda, lile la debe linaloshindiliwa vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa soko la Gikomba. Maranda yakiwa mabichi moshi wake ni mzito, unakaa ndani ya kibanda kama umekodi. Nilikuwa nauinamia kila alasiri. Wateja walisema samaki wa Mama Jumba ana harufu yake, nami nikajivunia harufu hiyo.

Kanisa letu lilikuja mjini pamoja nasi kutoka kwetu. Tunavaa kanzu nyeupe na vilemba vyenye msalaba mwekundu, na kila Jumapili tunaandamana mitaani kwa bendera na ngoma, mara nyingine mpaka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga na kurudi. Mume wangu ndiye mpiga ngoma. Mimi nilikuwa nikitoa nyimbo: naimba mstari, wengine wanaupokea.

Kuna desturi yetu moja ambayo lazima niieleze sasa, maana ndiyo iliyokaribia kunizika. Mtu akianguka kwenye maandamano, haguswi. Tunasema Roho amemshika. Tunamzunguka, tunaimba, ngoma inazidishwa, mpaka ainuke mwenyewe. Akishainuka anaulizwa ameona nini, naye anatoa ujumbe wake. Mimi mwenyewe niliimba juu ya watu wengi walioanguka, nikawaona wakiinuka na nyuso zinazong'aa. Niliamini. Hata leo naamini.

Dalili ya kwanza ilikuwa katika wimbo. Mstari niliokuwa nautoa kwa pumzi moja tangu usichana nikaanza kuukata katikati. Watu wakadhani ni mtindo mpya, wakaupokea hivyo hivyo, umekatwa. Kisha ngazi za daraja la reli zikawa mlima. Kisha kuinama kufunga kamba za viatu kukawa kazi ya kunilazimu nipumzike. Nilijiambia ni uzee, na uzee hauendewi hospitali.

Mvua za masika zilipoanza nilianguka kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tukipanda kilima kidogo kilicho baada ya mto, njia ya Mukuru, matope yamelowesha pindo za kanzu zetu. Kifua kilikaza. Miguu ikawa si yangu. Mwanga ukaanza kupungua kutoka pembeni, ukabaki mduara mdogo mbele, nao ukafungika. Nilipofumbua macho niliona viatu vyeupe vimenizunguka, na ngoma ilikuwa inalia karibu kabisa na sikio langu.

Aliyeinama kwangu alikuwa Rebeka, mwanamke kijana mwenye sauti kubwa, ambaye siku hizo nilikuwa namfundisha kutoa nyimbo.

"Mirembe, Mama," alinisalimu kwa amani, kama ilivyo desturi yetu. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Fikiri pole pole. Hakuna anayeshikwa akarudi mikono mitupu."

"Nimeona giza."

Watu walitazamana. Mmoja akasema giza nalo ni ujumbe, kwa hiyo wakaliombea lile giza, tukaendelea na safari. Nilitembea mwisho kabisa wa mstari nikishika mkono wa binti yangu Mideva.

Nikaanguka tena kabla ya Pasaka, na tena baada yake. Kila nilipoulizwa nilikuwa na jibu lile lile. Ndugu yangu unayesoma, labda wewe uliogopa kufa. Mimi kifo kilikuwa bado hakijanijia akilini. Niliogopa jambo kubwa zaidi. Nilikuwa nimemtumikia Mungu maisha yangu yote, na sasa alikuwa ananiangusha mbele za watu, ananilaza matopeni, kisha haniambii neno. Usiku nilipolala chali nilizama, kwa hiyo nilikaa, na nilipokaa nilimuuliza: Nimekosa nini?

Rebeka akianguka yeye, huinuka na habari za kutosha Jumapili mbili. Ameona ngazi, ameona farasi, wakati mmoja aliona nyumba zote za Mbotela zimepakwa rangi mpya, nasi tukasema amina kwa nguvu maana tulikuwa tumengoja rangi hiyo muda mrefu. Siku moja alinijia kibandani nikikaanga.

"Mama, nakupenda, ndiyo maana nakuambia mimi. Kuna kitu unamficha Roho."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Wewe ndiye unajua. Ungama, utaona."

Basi niliungama. Niliungama niliyoyakumbuka, kisha niliyoyasahau, mpaka nikajikuta naungama mambo ya majirani. Wiki iliyofuata nilianguka tena. Giza.

Mideva anauza nguo za watoto Gikomba, na ulimi wake ni wa Gikomba. Alinikuta nimekaa kwenye stuli, mdomo wazi.

"Mama, umekaa tu na unapumua kama mtu aliyekimbizwa. Leo tunaenda kupimwa."

"Baba yako atasema nimekosa imani."

"Baba aseme. Vaa viatu."

Lakini viatu havikuingia. Miguu ilikuwa imevimba, ukiibonyeza inabaki na shimo. Mume wangu ndiye aliyechukua kisu akakata viatu vyangu vyeupe nyuma ya kisigino ili nivae kama ndara. Alikata taratibu sana, kisha akapiga magoti akanivisha.

Kwenye zahanati nilifungwa kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, kikalegea. Muuguzi akacheka kwa wema. "Presha yako ni nzuri kuliko yangu, Mama. Nani amekuudhi?" Nilipewa dawa ya pumu. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Tulirudi nyumbani na mume wangu akafurahi.

"Umeona? Si ugonjwa."

Alisema ili kunituliza. Lakini mimi nilisikia mlango ukifungwa. Kama si ugonjwa, basi ni Mungu, na Mungu amenikalia kimya.

Sasa nifike siku yenyewe. Ukuta wetu wa upande wa kulia ni ukuta wa Mama Swaleh, Mwislamu, mfanyabiashara wa mitumba. Tumeishi kwa ukuta mmoja mpaka tunajuana kwa kikohozi. Idi sahani inatoka kwake, Krismasi inarudi kutoka kwangu. Jumapili hiyo tulikuwa tumemaliza maandamano, tunaingia mtaani, na yeye alikuwa amekaa kizingitini akichambua nguo. Nilianguka karibu na mlango wake. Yaliyofuata nasimulia kama Mideva alivyonisimulia, kwa sababu mimi nilikuwa gizani.

Duara lilifungwa. Ngoma ikapanda. Mama Swaleh akatupa nguo chini akaja anasukuma mabega ya watu.

"Nipisheni! Hebu nipisheni nyie!"

Rebeka akanyoosha mikono. "Mama, usimguse. Ameshikwa na Roho."

"Roho gani anayemgeuza mtu midomo ikawa rangi ya wino? Mtazameni basi! Mama Jumba! Wee, Mama Jumba!"

Alipiga magoti, akalowesha ncha ya leso yake kwa maji, akanipangusa uso. Akaweka sikio kifuani kwangu. Hakusikia kitu kwa sababu ya kelele.

"Baba Jumba! Hiyo ngoma, nakuomba, hebu nisikie kama mkeo anapumua!"

Mume wangu hakuacha. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka, anapiga kwa nguvu kuliko Mideva alivyowahi kumsikia. Mideva akamwita, "Baba!" Akapiga. Akamwita tena. Akapiga.

Basi Mama Swaleh na Mideva waliniinua wenyewe, mmoja mabega, mwingine miguu, wakavunja duara. Ndugu yake Mama Swaleh alikuwa na pikapu ya kubebea mitumba. Kitu cha kwanza nilichotambua ni harufu ile kali ya nguo za marobota, na sauti ya jirani yangu akinong'ona dua zake juu ya kichwa changu.

"Nimeona giza," nilimwambia. Nilikuwa nimezoea kuulizwa.

"Giza? Mimi nimekuona wewe unaniacha, mwenzangu. Nyamaza, usimalize hewa."

Nilipofika hospitali kubwa nililazwa, nikawekewa mpira puani unaoleta oksijeni kutoka kwenye mtungi mrefu wa chuma. Kuhusu kungoja naweza kuandika kitabu. Utangoja kwenye benchi la mbao lililong'arishwa na waliongoja kabla yako. Utangoja eksirei, utangoja damu, utangoja mtu mwenye ufunguo wa chumba. Chukua leso ya kujifunika, na usione haya kulala kwenye bega la usiyemjua. Mimi nilifanya hivyo, na mwenye bega hakusogea mpaka jina lake lilipoitwa.

Siku ya picha ya moyo nilipakwa kifuani kitu baridi kama ute wa yai, daktari akatembeza kifaa huku akitazama kioo. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyeongea nami akiwa ameketi. Hilo sitalisahau. Alivuta kiti.

"Mama, una presha."

"Daktari, nilipimwa. Nikaambiwa ni nzuri."

"Ya mkononi ni nzuri kweli. Hii iko ndani ya mapafu, na kile kitambaa hakiwezi kuiona. Mishipa ya mapafu imekuwa myembamba, imekaza. Moyo unasukuma damu ipite, unachoka."

Nikafikiri. Kisha nikamuuliza kama ni hivi: sisi tukiandamana kwenye barabara pana tunatembea safu nne, hakuna shida. Tukiingia vichochoro vya Mukuru, tunabanana. Walio mbele hawaendi, walio nyuma hawajui, wanasukuma. Mwenye bendera katikati anakosa pumzi.

Alicheka. "Nitawaambia wagonjwa wengine hivyo hivyo. Mama, unapika na nini?"

"Maranda."

Aliandika. Nikajua harufu yangu imeandikwa.

"Nitapona?"

"Sitakudanganya. Kilichokaza hakitalegea chote. Lakini tutapunguza maji mwilini, utapata hewa, na ukiuacha moshi kabisa unaweza kuishi vizuri. Kupanda kilima huku unaimba, basi tena. Ukilazimisha, moyo hautapata damu ya kutosha kupeleka kichwani, utazima. Ndiyo sababu ulikuwa unaanguka."

"Na nikianguka tena?"

Alifunga kalamu. "Ukianguka kati ya watu watakaokuinua na kukuleta, nina matumaini. Ukiachwa chini, Mama, sina."

Nililia. Daktari akanishika mkono, akidhani nalilia ugonjwa. Hapana. Nililia kwa sababu giza lile lilikuwa langu tu, la mwili. Mungu hakuwa amenikalia kimya. Sikuwa nimeitwa mbele zake nikarudishwa bila neno. Nilikuwa nimezimia. Nilimshukuru palepale, kwa sauti ndogo, mpira ukiwa puani. Ni shukrani ya ajabu, kushukuru kwa habari kama hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shukrani hiyo ilidumu mpaka jioni. Jioni hofu ya pili ikaja kukaa mahali pa ya kwanza, nayo ilikuwa na sura ninayoijua. Niliona viatu vyeupe. Niliona watu wanaonipenda, wote, wameshikana mikono juu yangu, wanaimba vizuri sana, na mimi nakufa katikati yao. Hakuna hata mmoja aliyenitakia mabaya. Ndiyo maana niliogopa. Ningejilindaje na watu wanaoniombea?

Baridi ya Juni na Julai niliimaliza wodini. Vidonge vya kutoa maji vilinipeleka chooni mpaka nikaacha kuona haya kumwita muuguzi. Lakini asubuhi moja nilitazama miguu yangu nikaona mifupa ya vifundo, na nikaisalimu. Pete ya ndoa, iliyokuwa imezama nyamani, ilianza kuzunguka tena kidoleni. Tumbo likashuka. Nilikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Sehemu kubwa ya unene wangu ilikuwa maji.

Mume wangu alichelewa kuja. Alipokuja alivaa kanzu ya Jumapili siku ya kazi, akakaa kwenye ukingo wa kiti, hajui mikono aiweke wapi. Mideva alikuwepo. Alimsalimia baba yake kama unavyomsalimia askari.

"Baba, ulikuwa unamwona mama pale chini?"

"Nilifumba macho."

"Nilikuita."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia? Na ukaendelea?"

Aliangalia mikono yake. "Mara ya kwanza alipoanguka nilipiga, akarudi. Mara ya pili nilipiga, akarudi. Kila alipokwenda ni ngoma iliyomrudisha. Nyinyi mnaniambia niache. Niliogopa nikiacha, atasikia nini huko aliko? Atarudije?"

Mideva akageukia dirisha. Mimi sikuwa na pumzi ya kusema maneno mengi, kwa hiyo nilinyoosha mkono tu, naye akaushika, na kwa kidole chake akaanza kugonga polepole juu ya kiganja changu bila kujua. Hata hivyo baba na binti walikaa muda mrefu bila mazungumzo ya kweli. Ugonjwa huu hupunguza hewa ya nyumba nzima. Usishangae ukiona hivyo kwako, na usikimbilie kuwapatanisha. Mimi nilijaribu nikaishiwa pumzi.

Nilipotoka nilikuwa narudi kliniki kila mara, na kwenye benchi la kliniki nilipata rafiki. Aliitwa Nyaboke, msichana wa kiwandani, anakaa Mukuru. Ugonjwa ulimpata baada ya kujifungua.

"Na wewe ni ya mapafu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ya mapafu."

"Afadhali. Nilidhani ni mimi tu Nairobi yote. Mimi nikianguka kazini, msimamizi anasema nina mimba nyingine. Wewe wanakwambia nini?"

"Wananiuliza nimeona nini."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nami nitaulizwa hivyo hivyo siku moja! Nitawaambia nimeona mshahara." Tulikuwa tunawekeana nafasi, yeye akifika kwanza anatandaza sweta lake. Mvua za vuli zilipoanza nilifika, nikakaa, nikaweka leso yangu kando kumshikia nafasi. Jina lake liliitwa, likaitwa tena, kisha karani akageuza kadi chini. Nikajua hatarudi. Niliikunja leso baadaye sana. Haya ninayoandika naandika nikimwona yeye.

Nyumbani Mideva alikuwa amebomoa kibanda. Debe la maranda lilikuwa limepandwa sukuma wiki. Sasa nauza nyanya na vitunguu, vitu visivyo na moshi, na wateja wa zamani hupita wakinusa hewa kwa huzuni. Nilijifunza kutembea upya: mpaka mlangoni, nasimama, mpaka kwa Mama Swaleh, nakaa. Yeye hunisindikiza akinitania.

"Bibi harusi, twende pole pole. Waume watatungoja."

Kanisani nilirudi nikakaa kitini, na Rebeka akatoa nyimbo zangu. Ilinibidi nijifunze kusikiliza wimbo wangu katika kinywa cha mtu mwingine, umekatwa katikati vile vile, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha, mapafu yangu yakiwa yameanza kushindwa. Siku niliporuhusiwa kufundisha wanawake, niliwaeleza habari ya vichochoro. Kisha nikaomba jambo moja: mtu akianguka, ngoma inyamaze kidogo, aguswe, midomo itazamwe, aitwe kwa jina.

Mzee anayeongoza kanisa letu alikuwa amesimama mlangoni. Hakukasirika. Ila alisema, "Mama Jumba, tukimgusa aliyeshikwa, si tutakuwa tumemkatiza Roho?"

Nilivuta pumzi yote niliyokuwa nayo. "Mzee, aliyeumba mbingu atakatizwa na kidole changu? Kama ni yeye, atangoja. Mimi ndiye siwezi kungoja."

Alisema tutaomba juu ya jambo hilo, na kwetu maneno hayo huweza kuchukua miaka. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma, ngoma mapajani.

Kwa hiyo Krismasi ilipita nikiwa naogopa bado. Kila Jumapili nilibaki mlangoni na kiti changu, nikisikia ngoma ikienda mbali kuelekea Mukuru na kurudi, na nikijiuliza: nikianguka leo hapa hapa, wakinikuta chini, watafanya nini?

Jibu lilikuja katika jua kali la Januari. Maandamano yalikuwa yanaingia mtaani, vumbi limepanda mpaka magotini. Nilikuwa nimekaa, Mama Swaleh kando yangu akichambua nguo. Rebeka alikuwa mbele, sauti iko juu kabisa, na alipofika karibu na mlango wetu akaanguka chali, kama gunia.

Duara likaanza kufungwa. Watu wakavuta pumzi kupokea wimbo. Nami nikamtazama mume wangu.

Macho yake yalikuwa wazi. Aliinua mkono uliokuwa unakwenda kupiga, akauacha juu, kisha akauweka taratibu kwenye ngozi ya ngoma, kuizuia isitoe hata mwangwi.

Sijawahi kusikia Mbotela kimya namna hiyo. Ilisikika redio ya mtu, mtaa wa pili. Mzee wetu alimwangalia mume wangu, akaniangalia mimi, akasogea hatua moja pembeni na kuacha nafasi kwenye duara. Nafasi ya mtu mmoja kupita.

Niliinuka. Hatua chache zile nilizitembea kwa kituo. Nikapiga magoti, nikamshika uso, nikatazama midomo yake. Nilijiona mimi pale chini.

"Rebeka! Rebeka mwanangu!"

Alifumbua jicho moja. Akatazama huku na huku, akakunja uso.

"Mbona mmenyamaza? Ndiyo kwanza mlango ulikuwa unafunguliwa!"

Kutoka kwenye kiti Mama Swaleh akasema kwa sauti, "Midomo mizuri, huyo. Mrudisheni alikotoka!"

Aliyeanza kucheka ni Mideva. Kisha wanawake, kisha mzee mwenyewe, kilemba chake kikamwangukia usoni. Mimi nilicheka pia, na kucheka kukanimaliza. Kifua kikakaza, mwanga wa pembeni ukaanza kupungua, nikaweka mkono chini kwenye vumbi nikangoja, nikiogopa kama siku zote. Mkono wa Mideva ulikuwa tayari mgongoni kwangu. Mtu mwingine akanishika bega. Sikuona ni nani.

Rebeka alikuwa amefumba macho tena, anataka ngoma yake. Watu wakageuka kwa mume wangu. Yeye hakumtazama Rebeka. Alinitazama mimi, mkono bado juu ya ngozi, akangoja. Mwanga ukarudi kidogo kidogo. Nikavuta moja, nikavuta nyingine, nikainua kichwa.

Ndipo akapiga.